Joto la laptopu za gemu: Umoja tuanzie kwenye volteji

Laptopu ya gemu iliyotumika Uingereza miaka mitatu minne, ikauzwa kwa jumla, ikasafirishwa na hatimaye kupangwa kwenye kabati la kioo Luthuli Avenue jijini Nairobi, haifanyi kazi katika mtaa wa Umoja kama ilivyofanya London. Vyuma ni vilevile. Kilichobadilika ni hewa. London iko karibu na usawa wa bahari, Nairobi iko takriban mita 1,660 juu yake, na katika kimo hicho hewa huwa nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15. Feni ya laptopu haina habari. Huzunguka kwa kasi ileile na kusukuma ujazo uleule wa hewa, lakini hewa iliyomo katika ujazo huo ni haba, na ndiyo inayotegemewa kubeba joto la prosesa. Wanaotengeneza seva wamelizingatia jambo hili kwa miaka mingi: maelekezo yao huagiza kwamba ukishapita kimo cha mita 900 hivi, joto la juu kabisa linaloruhusiwa chumbani lishushwe nyuzi 1 kwa kila mita 300 zinazoongezeka. Kwa Nairobi hiyo ni kama nyuzi 2 na nusu. Mnunuzi wa laptopu ya gemu haambiwi lolote kuhusu kimo. Anatajiwa RAM, ukubwa wa diski na jina la kadi ya grafiki, basi.

Hapo bado hatujayagusa mazingira ya Umoja yenyewe. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na shirika la misaada la Marekani, USAID, na nyumba zake za kwanza zilikuwa za chini, zenye vyumba vichache ambavyo mwenye nyumba alitarajiwa kuviongeza kadiri alivyopata pesa. Waliongeza kweli, ila wakaongeza kuelekea juu. Leo, hasa katika sehemu ya Innercore, maghorofa ya kupangisha yamesongamana kiasi kwamba dirisha la mpangaji hutazama ukuta wa jengo la jirani, na joto la alasiri za Januari hadi Machi huingia chumbani lisipate pa kutokea. Vumbi nalo hufika hadi orofa ya mwisho. Katika bedsita ya namna hiyo meza ni moja na ina sufuria juu yake, kwa hiyo laptopu huwekwa kitandani, matundu yake ya chini yakazibwa na blanketi, kisha ikatakiwa kuendesha gemu nzito kwa saa tatu mfululizo.

Wala si gemu pekee. Mtaa uliolea kundi la Ethic, vijana waliovuma kwa Lamba Lolo mwaka 2018, una wengi wanaotengeneza midundo, wanaohariri video za harusi na za wasanii chipukizi, na wanaochora majengo kwa ajili ya wateja wa mtandaoni. Laptopu ya gemu ndiyo studio yao, kwa sababu ni mashine ya mtumba inayopatikana kwa bei wanayoweza kukusanya na yenye kadi ya grafiki ya maana. Inapojizima katikati ya kazi, kinachopotea ni malipo ya mteja. Ndiyo maana ninaona suala la joto la prosesa linastahili kurasa za gazeti, lisiachiwe mafundi na wapenzi wa gemu peke yao.

Dawa zinazojulikana mtaani ni tatu. Ya kwanza ni kununua kile kibao chenye feni kinachowekwa chini ya laptopu. Ya pili ni kumpelekea fundi aifungue, apulize vumbi na kubadilisha pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoza. Ya tatu ni kuizoea hali yenyewe. Zote tatu zinashughulikia joto likiwa limeshazaliwa. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba sehemu kubwa ya joto hilo haikupaswa kuzaliwa hata kidogo, kwamba inatokana na volteji ambayo prosesa inapewa bila kuihitaji, na kwamba kwa mtu wa Umoja mwenye mashine inayoruhusu, kupunguza volteji hiyo kunapaswa kuwa hatua ya kwanza mara tu vumbi linapotolewa, kabla hajatumia shilingi nyingine yoyote.

Sababu iko kwenye hesabu. Nguvu inayoliwa na prosesa ikiwa kazini hutegemea wingi wa saketi zinazowaka na kuzima, kasi ya saa yake, na volteji. Wingi wa saketi na kasi huingia kwenye hesabu mara moja moja, lakini volteji huzidishwa yenyewe kwa yenyewe. Chukua prosesa inayokimbia kwa gigahezi 4 kwa volti 1.1 na kula wati 60. Ipunguzie milivolti 100, ibaki na volti 1.0, kasi usiiguse. Gawanya 1.0 kwa 1.1, jibu ulizidishe lenyewe, utapata takriban 0.83, wati 60 zimekuwa 50 hivi. Ikiwa chumba kina nyuzi 25, na mfumo wa kupoza wa laptopu hiyo huacha prosesa ipande nyuzi 1.2 kwa kila wati, basi prosesa iliyokuwa kwenye nyuzi 97 inatua kwenye 85, nayo inafanya kazi ileile kwa kasi ileile. Hii ni hesabu ya karatasini na kila mashine ina tabia zake, lakini mwelekeo haubadiliki. Isitoshe, kuna umeme unaovuja ndani ya transista hata zisipofanya kazi, na uvujaji huo huongezeka joto linapopanda. Ukishusha joto, unaupunguza nao.

Kwa nini basi kiwanda kitoe volteji iliyozidi? Jibu halina hila yoyote. Prosesa hazitoki sawa, hata zikiwa za jina moja na kutoka sahani moja ya silikoni. Moja itatulia kwa volti 0.98, jirani yake itahitaji 1.06 kwa kasi ileile. Kiwanda huipima kila prosesa kwa kiasi fulani, lakini hakiwezi kuikalisha kwenye majaribio kwa siku nzima ili kujua mwisho wa uwezo wake. Kinachofanyika ni kuongeza akiba: akiba kwa ajili ya prosesa dhaifu, akiba kwa ajili ya uzee wa miaka kadhaa, akiba kwa ajili ya chaja duni na ubao wa saketi wa bei rahisi, akiba kwa ajili ya hesabu nzito kuliko zote ambazo huenda mmiliki asizifanye maishani. Ni kama sare ya shule inayoshonwa pana ili mtoto yeyote aingie. Prosesa nyingi hubeba akiba zisizozihitaji kwa ukamilifu, na kila milivolti ya akiba hulipiwa kwa joto.

Zamani akiba hiyo haikuumiza sana. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa, volteji nayo inaweza kupunguzwa kwa uwiano, na joto kwa kila eneo la silikoni likabaki palepale. Kwa takriban miaka 30 tasnia ilikula matunda ya utaratibu huo. Katikati ya miaka ya 2000 ukakwama: transista ziliendelea kunywea, volteji ikagoma kushuka nazo. Tangu hapo kila kizazi kipya kimebana joto zaidi katika eneo dogo zaidi, na laptopu nyembamba zimefanya mambo kuwa magumu maradufu. Core i7-8750H iliyotoka mwaka 2018, mojawapo ya prosesa zinazokutwa kwa wingi katika laptopu za gemu za mtumba, ina viini sita na imetangazwa kuwa ya wati 45, lakini ikiachiwa kuongeza kasi kwa nguvu zake zote hupita wati hizo kwa mbali. Wanaoitumia wanajua jinsi feni inavyolia.

Prosesa za Intel za daraja hilo zikifika nyuzi 100 hujipunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Mmiliki haoni onyo lolote. Anachoona ni gemu iliyokuwa laini ikianza kukwamakwama baada ya dakika kumi, anailaumu gemu, au intaneti, au aliyemuuzia. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hulikosea hata wakishajua kupunguza volteji. Mashine iliyokuwa imebanwa na joto, ukiipunguzia volteji, mara nyingi haionyeshi nyuzi chache. Inabaki karibu na palepale, ila inakimbia zaidi, kwa sababu prosesa hutumia nafasi iliyopata kupandisha kasi mpaka iukute tena ukuta wa joto. Atakayetazama kipimajoto peke yake atasema hakuna kilichofanyika. Inabidi kutazama nyuzi na gigahezi pamoja. Na kwa anayetaka nyuzi zishuke kweli, kupunguza volteji kuambatane na kuweka kikomo cha wati. Kwa volteji ndogo, wati 45 zilezile zinanunua kasi kubwa kuliko zilivyokuwa zikinunua mwanzo. Afueni hiyo huifikia kadi ya grafiki pia, maana katika laptopu nyingi za gemu mirija ya shaba inayotoa joto ni ya pamoja, na kila wati isiyotoka kwenye prosesa ni nafasi kwa kadi.

Pingamizi la kwanza husemwa kwa kujiamini sana: waliotengeneza prosesa wanaijua kuliko kijana wa Umoja, waachiwe. Ni kweli wanaijua silikoni kuliko sisi sote. Lakini kuijua silikoni na kuipangia vizuri ni mambo mawili. Julai 2018 kampuni ya Apple ilitoa MacBook Pro yenye Core i9, na wakaguzi wakakuta mashine hiyo ya bei ghali ikipungua kasi vibaya chini ya kazi nzito. Kabla mwezi haujaisha kampuni ilikiri kuwa programu ya kusimamia joto ilikuwa na kasoro, ikatoa marekebisho, na kasi ikapanda. Hakuna aliyebadilisha feni wala kuongeza shaba. Yalibadilika maagizo tu. Mfano mzito zaidi ulikuja mwaka 2024, prosesa za Intel za kompyuta za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilipoanza kuyumba na kuzima gemu ovyo. Uchunguzi wa kampuni yenyewe ulihitimisha kuwa prosesa zilikuwa zikiomba na kupewa volteji ya juu kupita kiasi, na kwamba volteji hiyo ilikuwa ikizichakaza. Agosti mwaka huo Intel ilitoa msimbo mpya wa kuidhibiti, na dhamana ikaongezwa miaka miwili. Laptopu hazikuhusishwa na kasoro hiyo, na sitaki kudai vinginevyo. Ninachosema ni kwamba volteji ya kiwandani ni uamuzi wa watu, uliofanywa kwa haraka ya soko na kwa kuwawazia wateja wote kwa mkupuo.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na ni la uthabiti. Je, mashine haitazima katikati ya kazi? Itazima, ukizidisha. Na afadhali izime, kwa sababu hatari mbaya zaidi ni prosesa inayokosea hesabu kimyakimya, ikahifadhi faili lililoharibika bila kuonyesha skrini ya bluu. Kwa hiyo ninakubaliana kabisa na wanaosema kwamba volteji iliyopunguzwa bila kupimwa ni mbaya kuliko joto. Lakini tuiweke hatari mahali pake. Volteji ikiwa ndogo mno haiunguzi wala haipasui kitu ndani ya prosesa. Kinachoweza kuharibika ni kazi iliyokuwa ikiendelea. Programu ya ThrottleStop, inayotumiwa sana kwenye prosesa za Intel, huweka punguzo ambalo halidumu: mashine ikizima na kuwaka upya, volteji ya kiwandani inarudi, ilimradi hukuiagiza programu ijiwashe yenyewe na kulirudisha punguzo kila mara. Anayeanza asiagize hivyo mpaka aridhike. Mabadiliko yanayofanywa ndani ya BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, hudumu, na hayo si ya mwanagenzi.

Kupima ndiko kwenye kazi, na sioni njia ya mkato. Anza na punguzo dogo, milivolti 50, kwenye viini na kwenye kashe kwa pamoja, maana katika prosesa hizi za laptopu viini na kashe hula kutoka mkondo mmoja, na ukipunguza upande mmoja tu mara nyingi hutaona tofauti. Kisha ongeza milivolti 10 kwa wakati mmoja, na kila hatua uiwekee kazi nzito. Prime95, programu iliyotoka kwenye mradi wa GIMPS wa kusaka namba tasa kubwa ulioanza mwaka 1996, inafaa kwa sababu hukagua majibu yake yenyewe. Prosesa ikikosea hesabu, programu itasema hata kama Windows haijaanguka. Lakini usiishie hapo. Punguzo huathiri hatua zote za kasi, na mashine inayostahimili kazi nzito kwa saa nzima inaweza kuganda ikiwa haifanyi chochote, au inapoamka usingizini, kwa kuwa hapo volteji yake tayari ni ndogo. Siku kadhaa za matumizi ya kawaida, kufunga na kufungua kifuniko, kutazama video na kucheza gemu yenyewe ni sehemu ya jaribio. Kumbukumbu ya makosa ya Windows nayo itazamwe, kwa sababu makosa yaliyorekebishwa kimya huandikwa humo na ni dalili ya kwanza kwamba umefika ukingoni. Ukishakuta mahali inapoyumba, rudi nyuma milivolti 15 au 20 na ukae hapo, usikae palepale pa mwisho. Na kwa Umoja niongeze sharti: pima betri ikiwa na chaji. Laptopu nyingi za mtumba zina betri iliyokufa, na stima ikipotea mashine huzima ghafla. Aliyekuwa kwenye jaribio atadhani volteji ndiyo iliyomwangusha, au vibaya zaidi, atadhani ni stima kumbe ni volteji.

Mafundi wana pingamizi lao, nalo ni la haki: safisha kwanza. Nimeliweka vumbi mbele ya volteji tangu mwanzo kwa sababu hiyo. Chuma cha kupoza kilichozibwa na utando wa vumbi hakiokolewi na milivolti zozote, na mtu akipunguza volteji ili kuficha feni iliyokwama ameahirisha tatizo. Hata hivyo kusafisha hakujibu swali la volteji. Mashine safi, yenye pesti mpya, katika hewa nyepesi ya Nairobi, bado inapokea wati ambazo haizihitaji. Halafu kila kuifungua laptopu kuna hatari zake: parafujo ndogo zinazokwaruzwa, nyaya bapa zinazokatika, klipu za plastiki zilizozeeka. Kupunguza volteji hakuhitaji bisibisi. Kuhusu kile kibao chenye feni, huisaidia laptopu iliyokuwa ikikosa hewa chini, na hapo tofali mbili ndogo za kuiinua kutoka kwenye blanketi zinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bure.

Wapo pia wanaoitetea hoja hii kwa sababu dhaifu, na ningependa waiache. Husemwa kuwa kupunguza volteji kunaokoa pesa za tokeni za stima. Tufanye hesabu: wati 10 zilizookolewa, saa 4 kwa siku, siku 30, ni uniti 1.2 kwa mwezi. Hicho si kiasi cha kumshawishi mtu asumbuke siku kadhaa akipima. Faida iko kwingine. Iko kwenye kasi isiyokatika, kwenye kelele ya feni inayopungua katika chumba ambamo mtoto amelala hatua mbili kutoka mezani, na kwenye umri wa mashine. Joto linalopanda na kushuka mara kwa mara hulegeza viungo vya risasi vinavyoshikilia chipu kwenye ubao. Tasnia ilijifunza hilo kwa gharama kubwa mwezi Julai 2008, pale NVIDIA ilipotangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za grafiki za laptopu zilizokuwa zikifa kwa sababu ya vifaa dhaifu vya kuzifungia. Betri za lithiamu, ambazo katika laptopu hukaa sentimita chache tu kutoka kwenye prosesa, nazo huzeeka haraka zinapokaa kwenye joto. Kwa mtu aliyenunua mashine ikiwa imeshatumika miaka mitatu, akitarajia imfanyie kazi miaka mingine minne, hilo ndilo la kuhesabu. Laptopu zikishindikana kutengenezwa, njia ya nyingi kati yao hapa Eastlands inajulikana, na jaa la taka la Dandora si mbali na Umoja.

Limebaki pingamizi la usalama, ambalo ndilo lililofunga mlango kwa mamilioni ya watumiaji. Desemba 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Birmingham, KU Leuven na Graz walitangaza shambulio waliloliita Plundervolt. Walionyesha kwamba mtu mwenye mamlaka kamili juu ya kompyuta anaweza kuishusha volteji kwa makusudi mpaka prosesa ikosee hesabu ndani ya SGX, ile sehemu ya siri iliyotengwa na Intel, na kwa makosa hayo akachota funguo zilizofichwa humo. Ulikuwa utafiti wa kina na tishio lake kwa seva zinazotunza siri za watu lilikuwa la kweli. Intel ilitoa marekebisho yaliyowawezesha watengenezaji wa kompyuta kufunga mlango wa volteji, na wengi waliufunga kwenye laptopu zao zote, zikiwemo za gemu. Laptopu nyingi zenye prosesa za kizazi cha 10 zilitoka zikiwa zimefungwa, na baadhi ya zile za zamani zilifungwa na sasisho la BIOS ambalo mmiliki alilikubali bila kujua limebeba nini.

Nionavyo mimi, kwa laptopu ya gemu uamuzi huo ulipita mpaka. Mshambuliaji wa Plundervolt lazima awe tayari na mamlaka ya msimamizi kwenye mashine, na aliyefika hapo kwa mcheza gemu hahitaji volteji ili kumwibia nywila. SGX yenyewe Intel iliiondoa katika prosesa zake za Core za kizazi cha 11 na cha 12. Kufuli limebaki, hazina iliyokuwa ikilindwa imeondolewa. Lililo sawa lingekuwa kumpa mmiliki chaguo ndani ya BIOS, sehemu ambayo virusi vya kawaida havifiki, pakiwa na onyo, na baadhi ya watengenezaji wamefanya hivyo. Simshauri mtu kurudisha BIOS ya zamani ili afungue kufuli, kwa sababu atapoteza viraka vingine vya usalama visivyohusiana na volteji, na BIOS ikikatikiwa na stima katikati ya kuandikwa, laptopu huenda isiwake tena.

Aliye na mashine iliyofungwa hakukosa kila kitu. Anaweza kushusha kikomo cha wati. Anaweza, katika mipangilio ya nguvu ya Windows, kuweka kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99, hatua ambayo kwenye prosesa nyingi za Intel huzuia ule mruko wa kasi unaoleta joto jingi. Anaweza kuifungia gemu isichore zaidi ya fremu 60 kwa sekunde ikiwa skrini yake haionyeshi zaidi ya hapo. Kadi za grafiki za NVIDIA mara nyingi hukubali kupangiwa volteji kwa programu ya MSI Afterburner hata pale prosesa ilipofungwa, na katika gemu nyingi kadi ndiyo inayokula wati nyingi kuliko prosesa. Wenye prosesa za Ryzen za laptopu, ambazo kwa kawaida haziachi volteji iguswe, hutegemea zaidi vikomo vya wati. Ukiacha hiyo ya volteji ya kadi, njia hizi hupunguza joto kwa kupunguza kasi kidogo. Kupunguza volteji peke yake ndiko kunakoshusha joto bila kukuomba kasi, na ndiyo sababu kufuli hilo linauma.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na alichonunua. Sioni kwa nini haki hiyo iishie kwenye tarehe za unga na maziwa. Muuzaji wa laptopu ya gemu Luthuli au Moi Avenue anaweza kuifungua ThrottleStop mbele ya mteja, na dirisha la volteji litaonyesha papo hapo kama mlango uko wazi au umefungwa. Anaweza kuiendesha Prime95 kwa dakika chache mteja akisoma nyuzi na gigahezi kwa macho yake, na hali hiyo ikaandikwa kwenye risiti pamoja na RAM na diski. Ni kazi ya robo saa. Kwa mnunuzi anayerudi Umoja na mashine moja tu atakayoimudu kwa miaka kadhaa, habari hiyo ina thamani kuliko namba ya kizazi iliyobandikwa kwenye stika. Core i7-9750H na Core i7-10750H zote zina viini sita, zote zimetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14, zote zimetangazwa kuwa za wati 45. Ya pili inaahidi gigahezi 5.0 na ya kwanza 4.5, ahadi ambazo chini ya kazi ya saa nzima katika chumba cha Innercore hakuna inayoweza kuzishikilia. Ikiwa kadi ya grafiki ni ileile na bei inakaribiana, achukue ile ya kizazi cha 9 iliyo wazi, aiache ya kizazi cha 10 iliyofungwa.